Laptopu Walizosema ni Mbovu

Jina lake sitaliandika. Siyo siri, Gehandu kijijini kwetu wanalijua na Katesh mjini wanalijua, lakini yeye ni mdogo wake baba mkwe wangu, na kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wala la ndugu zake. Hata neno linalofanana na jina hilo tunalizunguka, tunatafuta lingine. Niliolewa nikiwa msichana, sasa nina wajukuu wanaonyoa ndevu, na jina hilo halijapita mdomoni mwangu hata siku moja. Kwa hiyo hapa ataitwa Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu, hata na wale waliomdharau.

Naandika kwa sababu nimekasirika. Kusoma nilijifunza ngumbaru, ukubwani, mikono ikiwa tayari migumu, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupendeza aende kwingine. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema zile laptopu za shule yetu zilianza kufanya kazi zenyewe. Hakuna kitu kinachoanza chenyewe. Ng'ombe akipona kuna mtu aliyemshika pembe na mwingine aliyemchoma sindano. Huyu aliyeshika pembe namjua, nimemuangalia miaka yote hii, na si mtu wa kusahauliwa hivi hivi.

Tena niseme mapema kwamba Mwalimu hakuwa mtu rahisi wa kukaa naye. Alifundisha hesabu kijijini Daudi, kule juu Mbulu, miaka mingi mpaka baridi ya kule ikamwingia mwilini ikakataa kutoka. Hata kwenye jua la Gehandu alivaa koti. Alikuja kukaa kwetu baada ya tope la mlimani kuingia nyumba yake ya Jorodom, pale Katesh. Alifika na koti, begi moja, na laptopu ameifunga kwenye mfuko wa unga. Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Huku kwetu mwanaume asiye na ng'ombe huonekana kama mtu anayepita njia, na watu walimcheka. Yeye naye hakuwaacha. Angekaa kwenye kigoda chake anaangalia mifugo ya wenzake ikirudi, halafu anamwambia mwenye ng'ombe, "Yule ndama wako mwekundu anachechemea tangu juzi, hujaona?" Nani anapenda kuambiwa hivyo mbele ya watu?

Salamu ndiyo usiseme. Mtoto akipita akanong'ona shikamoo ya haraka, Mwalimu haitikii. Anamwambia, "Rudia." Mtoto anarudia. Kama bado imelegea, "Rudia." Nimeona watoto wakizunguka kwenye miba ili wasipite mbele yake. Lakini mlevi akimpita akiyumba akamwamkia kwa ulimi mzito, Mwalimu alimwitikia marahaba polepole, kwa upole, na kumuuliza habari za mama yake. Sikumwelewa kwa hilo.

Na alikuwa na neno lake moja. Kitu chochote kikiharibika, kiwe redio, kiwe mashine ya kusaga, kiwe ndoa ya watu, yeye aliuliza, "Mwisho ilisema nini?" Hakutaka kujua unafikiri nini. Alitaka kujua kitu kile, kabla ya kunyamaza, kilisema nini mwisho. Hata msibani aliuliza hivyo, tukaona haya. Mjane mmoja alimjibu, "Alisema apewe uji." Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Basi alikuwa bado anataka kuishi." Mjane yule baadaye aliniambia hakuna mtu mwingine aliyemfariji siku ile. Mimi bado naona lilikuwa swali baya.

Sasa laptopu. Sekondari yetu ilipewa laptopu na wafadhili. Zilikuja na Linux, ile programu ya bure, kwa sababu ile nyingine inanunuliwa. Zikawaka, watoto wakafurahi. Tatizo likawa pale mahali pa kugusa, ile pedi iliyo chini ya vitufe. Mshale ulitembea, lakini ukiweka vidole viwili upandishe au ushushe maandishi, hakuna kitu. Mtoto anaona mwanzo wa somo, mwisho wake hauoni. Mausi za kuchomeka shule haikuwa nazo. Mkuu wa shule akaandika kwa wakubwa kwamba mashine zina kasoro, akazifungia stoo pamoja na mahindi ya chakula cha wanafunzi. Wajukuu zangu wawili wanasoma pale. Walirudi nyumbani na kipande cha boksi kilichochorwa vitufe, eti wajifunze kuandika kwa kubonyeza boksi. Nilikishika kile kiboksi, nikakibonyeza na mimi.

Kisha ikaja habari kwamba afisa atakuja kukagua, na zikionekana mbovu zitaondolewa ziuzwe kama vyuma chakavu.

Mwalimu aliposikia alikwenda shuleni na koti lake akaomba moja. Alirudi nayo kwenye mfuko wa unga, akaniambia, "Mama Gidamis, haziumwi. Hazijulikani tu." Akanieleza hivi. Ndani ya mashine kuna kerneli, ndiyo moyo wake, na huo moyo una orodha ya vifaa unavyovijua. Kila kifaa kikiwashwa kinajitaja. Pedi ya mashine hizi inajitaja vizuri, lakini jina lake halimo kwenye orodha, basi moyo unaichukulia kama mausi ya kawaida, isiyojua mambo ya vidole viwili. Nikamwambia, ni kama mgeni anafika kwenye boma, anataja ukoo wake, na hakuna mzee anayeujua. Atapewa maji, lakini hataambiwa aketi. Akasema, "Hivyo hivyo. Tunatakiwa tumwambie mzee wa boma kwamba ukoo huu upo."

"Basi mwambie," nikasema. "Unangoja nini?"

Nilifikiri ni kazi ya asubuhi moja. Ilikuwa kazi ya kiangazi kizima.

Ile orodha imeandikwa ndani kabisa. Ukiongeza mstari mmoja lazima uipike kerneli yote upya. Ndivyo alivyosema, kuipika. Na kuipika kwenye laptopu ya namna ile kunaanzia ng'ombe wanapotoka mpaka wanaporudi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Betri za mashine zile zilikuwa zimekufa. Mimi nina sola yenye betri kubwa, nachajia watu simu. Kwa hiyo alihamia kwangu. Lakini mkwe hapiti mlango wa nyumba ya mke wa mtoto wake. Tukapitisha waya dirishani. Yeye alikaa nje, chini ya upenu, na kigoda chake, mimi ndani na betri yangu. Wateja wa simu walinuna kwa sababu siku za kupika sikuchaji simu ya mtu. Walinung'unika, nikawaambia waende wakanung'unike Katesh.

Kujaribu alinipa mimi. Walimu vijana walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, akawakataa wote. "Wale nikiwauliza wanasema ndiyo mwalimu," aliniambia. "Wewe hujawahi kuniambia ndiyo kama si ndiyo." Tulifanya kwa adabu. Anaweka laptopu kwenye kigoda, anarudi nyuma, anageukia zizi. Mimi natoka, naweka vidole viwili, nashusha.

"Inasemaje?"

"Haishuki."

Anasonya. Mimi naingia ndani, yeye anarudi kwenye kigoda.

Siku moja alithubutu kusema shida ni vidole vyangu, vimekuwa kama ngozi ya kiatu, pedi haivisikii. Nilimwambia vidole hivi ndivyo vilivyompikia ugali wa jana. Siku nyingine nilikuwa nimetoka kusukasuka maziwa kwenye kibuyu, mikono ina mafuta, na mshale ukaruka kama panzi. Akanikataza. "Nawa kwa sabuni kwanza. Mafuta yanaiziba." Neno hilo mlikumbuke, kwa sababu alinionya mimi, hakuwaonya wengine.

Mpaka siku moja maandishi yakashuka. Yalishuka taratibu, kama mtu anayeteremka mlima anashika mawe. Nikayapandisha, nikayashusha tena. Yeye alikuwa bado anatazama zizi.

"Inasemaje?"

"Inashuka."

Hakugeuka. Alisema, "Jaribu na kidole kimoja." Mshale ukatembea. "Jaribu tena viwili." Ikashuka. Ndipo akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na koti lake. Tangu siku hiyo alikwenda shuleni kila asubuhi, akaziponya zote, moja moja.

Hakuishia hapo. Kuna watu huko duniani wanaotunza hiyo kerneli, na mtu akiwa na kiraka, yaani marekebisho aliyoyaandika, anawatumia, wakikikubali kinaingia kwenye mashine zote za namna ile popote zilipo. Alituma. Wakamrudishia. Wakamwambia amepanga vibaya nafasi za mwanzo wa mistari, na maelezo hayatoshi. Akatuma tena, wakamrudishia tena. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Mtu mzima mwenye mvi anarudishiwa kazi kama mtoto wa darasa la pili, na watu ambao hata shikamoo hawakumpa. Yeye alikuwa anacheka. "Wamenisahihisha," aliniambia, kwa furaha kabisa. Mtu yule yule ambaye ukimwambia chumvi imezidi kwenye mboga hakusemeshi wiki nzima. Wageni asiowajua walimsahihisha akafurahi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wamesoma mpaka mwisho ndiyo wakasahihisha. Hapa nani alinisoma mpaka mwisho?"

Alisema wanataka pia jina halisi la aliyetengeneza, siyo la utani, na wanataka kujua nani alijaribu. Sikutilia maanani.

Lakini alikuwa na mdomo. Hilo ndilo lililotuumiza. Alisimulia mnadani, kanisani ambako hata hasali, na kwenye pombe ambako hata hanywi. Kila mtu alionyeshwa picha ya pedi kwenye simu yake, "Ugonjwa ulikuwa hapa, mnaona? Hapa." Wazee wakaona. Kwa wazee wa huku, kitu kilichougua kikapona kinabarikiwa kwa samli, na samli inapakwa pale palipouma. Mkuu wa shule aliwaalika asubuhi ile ile ya ukaguzi, ili afisa akute sherehe. Hakumwambia Mwalimu. Wazee wakafika na kibuyu, wakaomba, wakapita meza kwa meza, wakapaka samli kwenye kila pedi. Walipaka kwa moyo safi na hawakupunja.

Sisi tulifika pamoja na gari la afisa. Mimi nilikwenda kama mwenye wajukuu. Afisa aliketi kwenye laptopu ya kwanza, kijana aliyevaa miwani juu ya kichwa. Akaweka vidole. Mshale ukaruka huku, ukaruka kule. Akajaribu ya pili, akaangalia vidole vyake, akanusa.

"Hiki ni nini?"

"Ni samli," Mwalimu alisema. Alikuwa ameshaielewa shida yote, nilimwona uso. "Bwana afisa, naomba tuzifute. Zinafanya kazi zote."

"Samli?" Akawageukia wenzake, wakacheka. "Jamani, hii shule wanazipaka kompyuta mafuta."

"Dakika chache tu."

"Mzee wangu, nina shule nyingine kabla ya jua kuzama. Nimeshaona kwa macho yangu."

Alisimama akaenda kunywa chai. Nilivua khanga ya juu nikafuta laptopu ya kwanza, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaweka vidole viwili. Ikashuka. Nilitoka mlangoni nikamwita afisa, "Baba, njoo uone, inashuka." Aliinua kikombe kunisalimia, kama vile nilikuwa namuaga. Mkuu wa shule akanishika bega. "Mama, achana nayo. Ameshasaini."

Ameshasaini. Mtu anasaini kabla hajafuta. Wazee siwalaumu sana, walifanya walichokijua. Namlaumu aliyejua kusoma na kuandika, aliyetumwa kuja kuangalia, na ambaye kuangalia kwenyewe kulimshinda. Laptopu zilipandishwa kwenye gari mbele ya watoto. Mwalimu alisimama karibu na gari, koti limefungwa vifungo vyote, akawa anawaelekeza vijana wasizibebe kwa kushika kioo.

Baada ya hapo alinyamaza. Mnadani hakwenda. Watoto walimpita na shikamoo zao za kunong'ona, akaitikia mara ya kwanza. Hilo lilinitisha kuliko kitu kingine. Alituma kiraka mara ya mwisho, nilimwona, na kabla majibu hayajaja macho yakaanza kumwishia. Laptopu yake nayo ikafa. Binti yake akamchukua kumpeleka Daudi. Barua zake za kwenye mtandao hakuna aliyeweza kumsomea, kwa sababu neno la siri alikataa kumpa mtu, hata huyo binti. Kiburi chake hicho. Akabaki hajui kama walikikubali au walikitupa.

Juzi hapa nilikwenda Katesh kutoa kopi ya kitambulisho. Kwenye ile steshenari dada mwenye duka alikuwa na laptopu mezani, na juu ya kifuniko kuna rangi ya bluu ambayo shule yetu ilizipiga zote. Anashusha maandishi kwa vidole viwili, huku anatafuna karanga.

"Mashine hii umeitoa wapi?"

"Shikamoo bibi. Nilinunua kwenye mnada wa vitu chakavu. Risiti ninayo."

"Sijakuuliza risiti. Hapo pa kugusa nani alikutengenezea?"

"Hakuna. Ilikuja imefutwa kila kitu ndani, nikaweka Linux, palikuwa hapashushi, nikawa natumia mausi. Baadaye nikaweka Linux mpya, pakaanza penyewe."

"Penyewe."

"Penyewe, bibi."

Baba mmoja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akasema, "Mashine za siku hizi zina akili."

"Akili ya nani?" nikamuuliza. Akaangalia pembeni.

Nikamwambia yule dada atafute kwenye intaneti, aandike jina la mashine yake, na pedi, na kerneli. Alinitazama kama mtu anayesemeshwa na mbuzi, lakini akaandika. Alitafuta muda kidogo, akaacha kutafuna. Akasoma jina.

Kwa mazoea niligeuza sikio. Halafu nikasema, "Rudia. Kwa sauti, huyu baba asikie."

Akarudia. Yule baba akasema, "Huyo si yule mwalimu wa koti?"

"Ndiye. Endelea, binti. Ameandika nini?"

Akaniwekea kwa Kiswahili. Pedi hii haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo ilichukuliwa kama mausi ya kawaida, sasa imeongezwa. Imejaribiwa kwenye laptopu za shule ya sekondari, Hanang, Tanzania. "Na hapa mwisho kuna jina la aliyejaribu," akasema. "Ni mwanamke." Akalisoma. Kisha akaangalia kitambulisho kilichokuwa mkononi mwake, akaangalia kioo, akarudi kwenye kitambulisho.

"Toa kopi niende," nikamwambia.

Kesho yake nilipanda Daudi. Nilimkuta amekaa juani mbele ya nyumba ya binti yake, koti na blanketi juu yake, macho meupe. Nikakaa mbali kidogo, upande upande, kama inavyopasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni Mama Gidamis huyo. Hukupanda mpaka huku kuniamkia tu."

"Kile kiraka chako walikipokea."

Kuku walipita katikati yetu.

"Nani kasema?"

"Nimesomewa Katesh. Kwenye laptopu ya shule, ipo dukani, inamwingizia mtu riziki, na watoto wetu bado wanabonyeza boksi."

"Maandishi yanashuka?"

"Yanashuka."

"Umejaribu au umeambiwa?"

"Nilijaribu. Nilinawa kwanza."

Mabega yake yakacheka, sauti haikutoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba hasira yangu tangu Katesh na sikuipandisha mlima wote ule ili niirudishe nyumbani.

"Na nani alikuruhusu kuniandika mimi?"

"Ulijaribu, hukujaribu?"

"Nilijaribu."

"Wanataka jina la aliyejaribu. Siandiki uongo."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Hapo alisema kweli, na iliniudhi zaidi. Tangu niolewe, yeye na ndugu zake wananiita kwa mwanangu. Sikujua kama analikumbuka jina nililokuja nalo.

Akavuta blanketi, akaelekeza uso wake upande niliokuwepo. "Siwezi kuiona tena," akasema. "Niambie wewe. Mwisho ilisema nini?"

Nikageukia zizi la binti yake, nikataja jina langu na la baba yangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.